Mgeni wa Asubuhi Tisa

Mtu anayetafuta pa kulala katika kijiji chetu cha pwani, Portnalea, huanza na mlango wa mbele. Hutazama kama rangi imebanduka, kama mapazia ni meupe, kama kuna gari jingine uani, maana nyumba tupu humtia mgeni wasiwasi. Akiridhika hubisha hodi na kuuliza kama kifungua kinywa kina mayai. Yule bibi aliyekuja Jumamosi ya kwanza ya Juni hakutazama mlango wa nyumba yoyote. Nyumba tatu zilikuwa na vibao vya wageni barabarani, na kila moja aliizunguka hadi upande wa magharibi, akasimama kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, akabandika kiganja juu yake.

Fidelma Gavaghan alimwona kwa dirisha la jikoni, mikono yake imejaa unga wa mkate wa magadi. Aliona kwamba bibi hana mzigo. Aliona pia kwamba ametokea njia ya ufukweni, ambako hakuna nyumba wala kituo cha basi. Yote aliyaona na yote aliyapuuza, kwa sababu alikuwa na njaa ya wageni, na njaa ile ilikuwa imempofua.

Tumwelewe kidogo kabla ya kumlaumu. Alikuwa ameifungua nyumba yake kwa wageni miaka miwili iliyopita, akanunua mashuka mapya, akampigia mumewe Colman kelele hadi vyumba vikapakwa rangi ya krimu. Majira yote ya joto ya mwaka uliotangulia wapita njia walipunguza mwendo mbele ya kibao chake, wakatazama, kisha wakaenda kulala kwa Concepta Lavelle mwenye mawaridi. Fidelma alikuwa akisimama nyuma ya pazia akihesabu migongo yao. Hakuna aibu inayouma mwanamke wa Portnalea kama kitanda alichokitandika mwenyewe kukosa wa kukilalia.

Sasa ilikuwa wikiendi ya mapumziko ya Juni, na kwa mara ya kwanza vyumba vyote vitatu vilikuwa vimechukuliwa tangu Ijumaa. Kilibaki kile cha magharibi. Hicho hakikuwa cha kukodisha. Kwetu mwana akioa, mzee wake huhamia chumba cha magharibi, na kuanzia siku hiyo ni chake mpaka atolewe humo kwa jeneza. Mama Onora, mamake Colman, aliandikiwa haki hiyo kwenye karatasi za harusi: chumba, kiti cha karibu na moto, na jagi la maziwa kila siku. Fidelma alizitia sahihi karatasi hizo kwa mkono wake.

Jumamosi asubuhi, kabla hata bibi hajaonekana, alimtoa mkwewe humo ili chumba kiwe tayari endapo mtu atakuja. Alimwekea kitanda cha kukunja katika banda la mboji, ule udongo mkavu wa kinamasi tunaouchoma badala ya kuni, banda lililojengwa kushikana na ukuta wa magharibi. Ni siku mbili tu, alisema, na banda ni kavu. Colman alikibeba kitanda bila kumtazama mama yake usoni. Mama Onora alikuwa na miaka themanini na mmoja na hakuwa mtu wa kelele. Alichukua koti lake na tasbihi yake akawafuata.

"Mwenye chumba hahamishwi akiwa hai," alisema tu. "Si mimi niliyeweka jambo hilo, mwanangu."

Basi bibi alipobisha hodi, Fidelma alikuwa tayari na tabasamu. Mgeni alikuwa mzee, mdogo wa umbo, amevaa koti jeusi la sufu, na alinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Hakuuliza mayai. Aliuliza kile chumba cha upande wa bahari ni cha nani.

"Hakina mwenyewe, Mama," Fidelma alijibu. "Kikikupendeza ni chako."

"Hakina mwenyewe kabisa?"

"Kabisa. Karibu."

Bibi akatabasamu kwa mdomo uliofungwa, akaingia. Upande wa pili wa ukuta, Mama Onora alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kukunja na alisikia kila neno.

Jumapili asubuhi Fidelma alikuwa jikoni akikaanga nyama ya nguruwe na soseji nyeusi za damu. Wageni walikuwa chumba cha kulia. Yule bibi hakwenda huko. Alikuja jikoni, akaketi kwenye kiti cha karibu na moto, akanyoosha mkono apewe chai. Fidelma alitaka kumwambia kwa adabu kwamba kiti kile kina mtu. Kabla hajafungua kinywa, Colman aliingia kutoka kwa kondoo zake, akavua kofia, akainama na kumbusu bibi kwenye paji la uso.

"Umelalaje, Mama?"

"Vizuri, mwanangu," bibi akasema.

Fidelma alicheka, akidhani ni mzaha wa mumewe. Colman akamuuliza kinachomchekesha. Jirani aliyepita kuleta maziwa alimsalimu bibi kwa jina la Onora na kumuuliza habari za magoti. Fidelma akageuka kuitazama picha ya harusi yao ukutani, pale Mama Onora aliposimama kando yake na kofia yenye unyoya. Kofia ilikuwa ileile. Uso chini yake ulikuwa wa yule bibi, na mdomo umefungwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa na funguo za kabati la vyombo kiunoni, na hakuna aliyemuuliza kazipata wapi. Wahenga haohao walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hilo nalo, kwa njia yake chafu, lilikuwa linatimia. Tangu alipoketi kwenye kile kiti, kila gari lililopita barabarani lilisimama kwa Gavaghan. Watu walishuka wakisema hawajui kwa nini, nyumba imewavuta tu. Walikula, wakasifu, wakaenda jikoni kumshika mkono bibi mtamu wa karibu na moto. Kwa Concepta mawaridi yalichanua, na hakuna aliyeyaona.

Jumanne, baada ya kifungua kinywa, Fidelma alikwenda kubadilisha mashuka ya chumba cha magharibi. Ilikuwa saa nne, jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Mwanamke anayelaza wageni hahitaji kuambiwa habari za mtu, godoro humwambia. Alilifunua blanketi akakuta shuka limekaa kama alivyolitandika yeye Jumamosi, mikunjo ya pasi bado ipo, mto hauna hata alama ya kichwa, na akiwa amesimama na shuka mkononi alihisi chumba kina pumzi, pumzi ya taratibu, nzito, ya mnyama aliyeshiba, ingawa alikuwa amemwacha bibi jikoni na alikuwa bado akisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni mbali kule, na alipopiga magoti kutazama uvunguni aliona mbao za sakafu kando ya ukuta zimechakaa na kung'aa, upana wa mtu mmoja na urefu wa mtu mmoja, kama pale mbwa alalapo miaka mingi mahali pamoja, na alipopagusa palikuwa na joto, na ukuta ulikuwa na unyevu pale mdomo wa mtu aliyelala ungefika, na unyevu ule ulinuka majivu, na ndipo alipoelewa kwamba kijiko kule jikoni kimenyamaza. Aligeuka. Bibi alikuwa mlangoni.

"Usijisumbue na kitanda," alisema kwa upole. "Mimi si mtu wa kitanda."

Fidelma alipita kando yake na mashuka kifuani, akatoka mlango wa nyuma, akaenda bandani. Hakuwa amekwenda huko tangu Jumapili usiku. Niseme kweli, alikuwa amemsahau mkwewe kwa siku nzima, kama mtu anavyosahau nguo kambani. Mama Onora alikuwa amejikunja juu ya kitanda cha kukunja, mgongo kwenye magunia ya mboji, mbali na ukuta kadiri alivyoweza. Mkate wa juzi ulikuwa pale, haujaguswa. Alisema haukuwa na ladha, wala maji hayakuwa na ubaridi.

Fidelma alimwomba arudi ndani. Mama Onora akamwambia ameshajaribu. Jumapili alikuja mlangoni akagonga, akachungulia dirishani, Jumatatu akagonga dirisha la jikoni wakati watu wanakula, na hakuna kichwa kilichoinuka. Mkono wake ukishika kitasa, kitasa hakizunguki.

"Analala sakafuni ubavuni mwa ukuta, upande ule," alinong'ona. "Usiku kucha. Nikivuta pumzi naye anavuta, na inamfikia yeye kwanza. Fidelma, nani amekalia kiti changu?"

"Ni mgeni tu, Mama. Ataondoka."

"Ulimwambia hakina mwenyewe. Nilikusikia."

Fidelma alilia pale, machozi ya kweli. Kisha akasikia gari limesimama uani, akajifuta uso kwa shuka, akaenda kupokea wageni.

Alhamisi alikwenda kwa Concepta Lavelle. Wanawake hao wawili walikuwa wakisalimiana kwa midomo tu, lakini Concepta alikuwa amelelewa na nyanya yake aliyejua mambo, na Fidelma hakuwa na pengine pa kwenda. Alimkuta amekaa kwenye meza tupu iliyoandaliwa watu wanane. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, naye Concepta hakushangaa hata kidogo.

Alisema yule bibi mgeni alipita kwake kwanza Jumamosi ile, na alimuuliza swali lilelile. Naye alimjibu chumba ni cha baba yake. Bibi akauliza baba yuko wapi. Kaburini, miaka ishirini sasa, Concepta alimwambia, na chumba bado ni chake. Bibi akaondoka bila kuaga. Nyumba ya pili ikamjibu vilevile. Kila mtoto wa Portnalea hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusali, kwamba mmoja wa wale wema, jina tunalowaitia majini ili wasikasirike, akiulizia chumba cha magharibi, hata kama kina magunia na kuku tu, kitajie mwenyewe. Fidelma alikuwa ameolewa kutoka Athlone, mbali na bahari, na hakuna aliyemfundisha.

"Na ulipomwona anakuja kwangu," Fidelma akauliza, "kwa nini hukuniambia?"

"Si wewe uliyesema nikizidiwa na wageni nikupunguzie? Nilimwonyesha nyumba yako kwa kidole."

Fidelma angeweza kumrukia, lakini alihitaji dawa, na dawa Concepta alikuwa nayo. Alimwambia jini la namna ile likila asubuhi tisa mezani huwa ni la nyumba, na aliyetolewa huwa si wa popote. Zilikuwa zimepita tano. Kabla ya kifungua kinywa cha tisa, mtu wa damu ya Onora, yaani mwanawe, amshike mkono mama yake mchana kweupe, amwingize kwa mlango wa mbele na kusema kwa sauti kwamba chumba ni chake. Hapo lile litaondoka, tena kwa miguu, kama lilivyokuja.

"Ila lina kisasi chake," Concepta aliongeza. "Nyumba inayolitoa haichaguliwi tena na mgeni. Hata mmoja. Hata uipake dhahabu."

"Na wewe unaniambia kwa upendo?"

"Upendo gani, mke wa Colman? Nina vitanda vinane vitupu. Mtoe, nirudishiwe watu wangu."

Fidelma alirudi nyumbani na neno la kumwambia mumewe mdomoni. Mlangoni alikuta walimu sita wa kike kutoka Cork, waliotaka kulala mpaka Jumamosi, wakicheka, wakisifu rangi ya krimu. Akasema kesho. Ijumaa alifika mwanamke anayeandika kitabu cha kuwasaidia wasafiri kuchagua nyumba za kulala pwani yote ile, akala mara mbili, akaandika kwa kalamu nyekundu, akaomba kumpiga picha bibi wa karibu na moto. Fidelma akasema kesho. Jumamosi na Jumapili hakusema lolote, maana ukishasema kesho mara mbili, ya tatu hujisemea yenyewe.

Na kila siku alikwenda bandani, nampa haki yake. Alipeleka maziwa ambayo hayakunywewa, blanketi ambalo halikupasha joto. Ijumaa alimwinua mkwewe amkalishe vizuri, akaona uzito wake ni wa kapu la nguo zilizofuliwa. Jumamosi Mama Onora hakukumbuka jina la mumewe marehemu. Jumapili hakukumbuka lake mwenyewe. Alikuwa amebakiwa na jina moja tu, Colman, na alilirudia polepole huku akiutazama mlango.

"Kesho asubuhi," Fidelma alimwambia, akimshika kiganja kilichokuwa hafifu. "Nakuapia. Kesho asubuhi Colman atakuja kukuchukua."

Safari hii alikusudia. Usiku ule hakulala, na kulipokucha Jumatatu alikuwa ameshaamua, wageni waje wasije, mawaridi ya Concepta yashinde. Aliogopa Colman hatamwamini, basi hilo ndilo alilojiandalia. Alikuwa na maneno yake yote tayari: picha, kiti, sakafu iliyochakaa. Kama hatoshawishika angemvuta kwa mkono hadi bandani akajionee.

Alimkuta jikoni saa moja na nusu, anakula mapema kabla ya kwenda kwa kondoo. Chumba cha kulia kilikuwa na watu kumi, visu na uma vikigongana. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anasubiri chai ya asubuhi ya tisa. Birika lilikuwa limeanza kulia. Nje ya dirisha, nyuma ya glasi yenye mvuke, kulikuwa na kitu cheupe cha kimo cha mtu mfupi, na kilikuwa kinagonga, taratibu, kwa vifundo vya vidole, na mlio ule ulikuwa hafifu sana kiasi kwamba Fidelma alilazimika kuzuia pumzi ili ausikie.

Aliinama kando ya sikio la mumewe. Aliongea haraka, kwa mnong'ono, mgongo wake umempa bibi. Alikiri kila kitu. Alisema yule si mamake, mamake yuko nje pale, ni yeye Fidelma aliyekosa, alikana haki ya mtu aliye hai kwa ajili ya kitanda kimoja, na kuna njia, lakini ni ya Colman peke yake, na ni sasa hivi, kabla chai haijamiminwa. Akamwambia na gharama yake, kwamba hakuna mgeni atakayekuja tena. Akasema hajali. Alikuwa analia na alikuwa anasema kweli.

Colman alikata kipande cha soseji, akakitafuna, akameza.

"Najua alipo," alisema.

Fidelma hakuelewa. Aliuliza anajua nini.

"Mama. Namwona tangu Jumapili ile. Nilipombusu huyu, yule alikuwa dirishani ananitazama." Alipangusa mdomo. "Jana alinifuata mpaka zizini. Akanishika mkono wa koti. Akasema, Colman, kuna baridi, nifungulie."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tumejaa."

Alisema bila hasira, kwa sauti ileile anayowajibia wapita njia mlangoni. Kisha akainuka, akalitoa birika motoni, akamimina chai mwenyewe, akaweka maziwa, akamkabidhi bibi kikombe kwa mikono miwili. Bibi akanywa. Kwa mara ya kwanza tangu afike alifungua mdomo wote, na ulikuwa na meno madogo mengi, mapya, safu juu ya safu. Dirishani hapakuwa na kitu isipokuwa mvuke, na mvuke nao ulikuwa unakauka.

Fidelma alisimama na kitambaa cha sahani mkononi. Alijitazama moyoni akitafuta uchungu, maana alijua unapaswa kuwepo. Alichokikuta humo kwanza, Mungu amsamehe, kilikuwa ni nafuu. Halikuwa tena jambo lake peke yake. Kutoka chumba cha kulia sauti ya mwanamume ikaomba mkate zaidi, naye Fidelma akaukata, akawapelekea ungali moto.